Lile sanduku la kijani

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya baba yako. Unasema sista wa miito, yule anayewatafuta wasichana wenye wito wa utawa, alifika parokiani kwenu huko Arusha Jumapili ya Mchungaji Mwema, akakuandika jina kwa mafungo ya siku tatu, na wewe ukaona haya kukataa. Sasa unaniuliza: moyo wako uko kwenye ndoa, na sote tunajua ni kwa nani, je, ukienda hutakuwa unawadanganya masista, na Mungu pia?

Mungu hadanganyiki, kwa hiyo hilo liache. Masista nao, mweleze mlezi ukweli siku ile ile ya kwanza, basi. Mimi kinachoninyima usingizi ni siku utakayorudi.

Unalijua lile sanduku la bati ninalowekea vitenge. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipitisha kidole juu ya mfuniko, unaniuliza kwa nini rangi imevimba katikati. Nilikuwa nakujibu kwamba fundi alikuwa mvivu. Hapakuwa na fundi. Ile rangi ya kijani aliipaka baba yako tulipooana, akarudia mara mbili, na bado maandishi ya chini yanajitokeza. Yameandikwa SISTA, halafu jina langu la ubatizo. Babu yako ndiye aliyeyaandikisha, mjini Moshi, mwaka 1984, wiki moja kabla sijakwenda mafungo. Mafungo tu, mwanangu! Siku tatu za kusali na kunyamaza. Lakini yeye alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa pale Kibosho kwamba amemtoa binti yake kwa Mungu, na mbuzi alishaliwa.

Wenzangu walifika na vikapu. Mimi nilishuka kwenye basi na sanduku la kuhamia.

Siku ya pili mchana sista mmoja mzee aliniita nimsaidie kuchambua maharage. Tulichambua sinia zima kimya, mawe huku, mabovu huku. Halafu akaniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye sinia, "Hilo sanduku ni lako au la baba yako?" Nilishindwa kujibu. Machozi yalinidondoka palepale kwenye maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, naye akayafuta kwa ncha ya aproni kama anafuta vumbi. Akaniambia nirudi nyumbani kwa amani, nisali, nifanye kazi zangu. Kama Mungu ananitaka pale, njia ya kwetu anaijua. "Mungu hamvizii mtu, binti," akasema. Maneno hayo umeyasikia kwangu tangu hujajua kusoma. Sasa unajua yalikotoka. Usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba.

Nyumbani babu yako alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwenye migomba. Aliliona sanduku kabla hajaniona mimi. Hakuuliza neno. Alilichukua, akaenda kulitua nyuma ya banda, pale maji ya paa yanapodondokea, na ilikuwa masika. Wiki mbili hakuitikia salamu yangu. Mwishowe shangazi akanikatia jani la isale, lile sisi Wachagga tunaloombea msamaha, akaniambia nenda ukapige magoti umwombe baba yako msamaha. Nikaenda. Alilipokea lile jani, akalichomeka kwenye boriti, yakaisha.

Kwake yaliisha. Mimi miaka zaidi ya arobaini najiuliza niliomba msamaha wa kosa gani. Kuna siku nasema nilifanya vema, kwa sababu isale ni isale, anayeletewa hakatai, na nyumba ilipata amani. Halafu hasira inanirudia. Nilikwenda kumsikiliza Mungu, nikasikia, kisha nikapiga magoti kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani! Usimfikirie vibaya babu yako. Alinipenda, na siku ya harusi yangu alilia mbele za watu. Ila alikufa akiamini kwamba ndoa ni fungu la waliokosa kitu bora zaidi.

Ndiyo maana mwaka 2015, Papa Fransisko alipowatangaza watakatifu Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, nilitokwa machozi kanisani, na wewe ukaniuliza kama naumwa. Wale wote wawili walianza kwa kubisha hodi kwenye nyumba za watawa. Louis alirudishwa kwa kuwa hakujua Kilatini, Zélie naye hakupokelewa. Wakaoana mwaka 1858, wakapata watoto tisa, wakazika wanne, na mabinti watano waliobaki wote wakawa watawa. Watu waliorudi kutoka mlangoni, mwanangu, wamewekwa altareni pamoja, mume na mke. Nilitamani babu yako awepo asikie.

Tena angalia utaratibu wenyewe wa Kanisa. Msichana anaanza uaspiranti, hatua ya kwanza ya kujaribu, anakuwa mpostulanti, yaani mwombaji, unovisi, ule muda wa malezi kabla ya nadhiri, peke yake si chini ya miezi kumi na miwili, halafu nadhiri za muda angalau miaka mitatu, ndipo azungumzie nadhiri za daima. Miaka yote hiyo anaruhusiwa kusema hapana. Siku tatu zitakufunga na nini? Kwenye ndoa mtatangazwa Jumapili tatu, mafundisho kidogo, kisha mpaka kifo. Mimi naona anayetaka kuolewa ndiye anayehitaji zaidi siku tatu za kunyamaza. Ingawa hapo najishtukia, maana naanza kukusukuma, na nilijiapiza sitamsukuma mtoto wangu upande wowote. Nina jibu langu, liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Nikilitamka litakuwa maandishi mengine kwenye mfuniko. Mungu hamvizii mtu, na mama naye asimvizie.

Ninaloweza kukuahidi ni hili: hapa nyumbani hakuna atakayejua unakokwenda isipokuwa mimi na baba yako, shangazi zako wasahau, na hakuna kuku atakayechinjwa kabla wala baada. Ukirudi, isale yangu ibaki kwenye ua wa kihamba chetu cha migomba.

Baba yako anauliza kama yule kijana ameshaambiwa. Mwambie mapema, asije akasikia kwa watu.

Beba sweta, asubuhi kwenye nyumba za masista ni baridi na maji ni ya barafu. Sanduku usilitake. Chukua kikapu.

Mama yako