Afande wa sketi wa Ziwa Tanganyika

SWALI: Mhariri habari za kazi. Babu yangu hapa Ujiji alikuwa anatusimulia eti kuna afande Mwingereza alipigana vita ziwani kavaa sketi. Ni kweli au alikuwa anatupiga fiksi?

JIBU: Babu yuko sawa, sketi ilikuwepo! Jamaa anaitwa Geoffrey Spicer-Simson, wa jeshi la majini, sketi yenyewe ya kaki kashonewa na mkewe na mwili umejaa tatuu. Waholoholo wa ng'ambo ya Kongo wakambandika jina la Bwana Chifunga-tumbo, hiyo chi ni ki yetu tu.

Kazini alikuwa na gundu, 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza meli yake ilizamishwa na Wajerumani yeye yuko zake hotelini, akaishia kushika makaratasi ofisini. 1915 akatakiwa mtu wa kupeleka motaboti 2 za mbao Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikokuwa wanatamba peke yao, wakampa yeye. Akaomba ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, akarudi na Mimi na Toutou, kumbe ni paka na mbwa walewale kwa Kifaransa cha kitoto, wakapitisha. Mswahili ukisikia Mimi unaweza kudhani afande kajiita mwenyewe, na kwa majigambo aliyokuwa nayo wala isingeshangaza.

Boti zikaenda kwa meli mpaka Cape Town, treni mpaka Fungurume, reli ikaishia hapo, basi zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, watu wanafyeka miti na kujenga madaraja, maji ya mashine yakikata kinamama wa vijijini wanayaleta kichwani. Hao kinamama ndio nawavulia kofia, afande alikuwa anatoa amri tu.

26 Desemba 1915 wakaivizia Kingani, meli ya Wajerumani, mzinga wake unapiga mbele tu, wao wakaja kwa nyuma, dakika 11 kwisha habari. Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ila lilipotokea dude lenyewe, meli yao kubwa Graf von Götzen, afande akagoma kulisogelea, na baadaye Wajerumani waling'oa mzinga wake mkubwa wakaweka wa mbao! Julai 1916 wakalizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Waingereza wakaja kuliibua, na tangu 1927 likawa linabeba abiria. Ndiyo hiyo Liemba yenu.