Msigonge mlango

Mmeuliza wiki hii: daktari wa familia ana nafasi gani kwa mtu aliyenusurika janga? Huku kwetu Mwanza daktari wa familia ni tabibu wa zahanati, yule yule anayekupima malaria. Kwa hiyo mimi najibu hili: amuulize mgonjwa yaliyompata, au amwache? Nasema aulize.

Baba yangu mdogo alinusurika MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. Miaka na miaka alitibiwa moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Leo presha, kesho vidonda vya tumbo. Siku moja nikamsindikiza. Tabibu alikuwa binti, mgeni pale. Mgonjwa mwingine akagonga mlango, ngo ngo ngo. Baba mdogo akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, jasho likamtoka mpaka shati likamganda mgongoni. Binti akatoka nje, nikamsikia akiwaambia wa kwenye benchi: "Naombeni msigonge, nitawaita mwenyewe." Akarudi, akauacha mlango wazi kidogo.

"Baba, anayegonga ni nani?"

"Wako chini."

Meli ilipopinduka yeye alipanda juu ya tumbo la meli, na watu walionasa ndani walikuwa wakigonga bati chini ya miguu yake. Yeye aliokolewa. Mnajua yaliyofuata: likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Mimi nimelelewa kwake na sikuwahi kulisikia hilo. Nyumbani watu walipiga hodi kwa mdomo tu, nikidhani ni adabu ya ukoo!

Wiki ile hakulala kabisa, na mama mdogo akanilaumu mimi. Lakini binti alimpangia kurudi kila mwezi, wakawa wanazungumza, na taratibu usingizi ukaanza kuja. Kisha binti akapata uhamisho.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na uhakika. Sasa naona heri tabibu asiulize kama mwezi ujao hatakuwepo, au kama hatamkabidhi mzee kwa mwenzake ana kwa ana. Labda nakosea, nasema kwa mzee mmoja tu, na usiku mwingine bado analala. Ila kwenye daftari lake la matibabu binti aliandika kwa wino mwekundu: "Mlango usifungwe, usigongwe." Kila akienda, baba mdogo huliweka mezani likiwa limefunuliwa ukurasa huo. Tabibu wa sasa hufunua ukurasa mpya.