Vipindi vya fasihi ya Kiingereza: shika matukio, acha kukariri

Mdogo wangu, umeuliza uvipange vipi vipindi vya fasihi ya Kiingereza kabla ya mtihani, maana majina na miaka vinakuchanganya. Itupe hiyo orodha. Shika matukio machache tu.

Anza na 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza. Kabla yake ni Kiingereza cha Kale, cha utenzi wa Beowulf. Usijisumbue kukisoma bila tafsiri, hata Mwingereza wa leo hakielewi. Baada yake Kifaransa kikatawala ikulu, ndiyo maana Kiingereza cha mshairi Chaucer, aliyefariki 1400, kimejaa maneno ya Kifaransa.

Kwenye tamthilia kaa sana. Shakespeare alifariki 1616. Mwaka 1642 Bunge likafunga majumba ya maonyesho. Ufalme, uliokuwa umeondolewa, uliporudi 1660 yakafunguliwa, na safari hii wanawake wakapanda jukwaani. Kumbe Juliet wa mwanzo, yule mpenzi wa Romeo katika tamthilia ya Shakespeare, alikuwa mvulana aliyevaa gauni! Ukikumbuka gauni hilo, mpaka wa vipindi haukupotei.

Ulimbwende (Romanticism) unatajwa kuanza 1798, washairi Wordsworth na Coleridge walipochapisha mashairi yao, Lyrical Ballads. Enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) ni ya riwaya. Dickens alizitoa kwa vipande, msomaji anasubiri kama sisi na tamthilia za runinga, ndiyo maana sura zake zinakatia patamu. Usasa (Modernism) ushikilie kwa 1922, mwaka wa Ulysses, riwaya ya James Joyce.

Shakespeare akikushinda, tafuta tafsiri ya Julius Caesar ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka 1963. Weka vitabu viwili mezani, usome hotuba ya Antony mstari kwa mstari.