Jibu: Pistoni ya aluminiamu au ya chuma cha kusubu?

Ndugu wa Uyole, nimekuelewa: Fuso lako limechemsha kwenye mlima wa Kitonga, pistoni mbili zimekwama na kuchuna slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka), na sasa fundi anataka uachane na aluminiamu uweke chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kwa kuwa "ni kigumu".

Usikubali. Injini yako ilitengenezwa kwa pistoni za aluminiamu iliyochanganywa na silikoni: nyepesi, na hupitisha joto haraka kwenda kwenye ringi (pete zinazoizunguka pistoni) na slivu. Ila zikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, ndiyo maana nafasi kati ya pistoni na slivu hupimwa kwa maikromita kufuata kitabu cha injini hiyo. Fundi anayepima kwa kidole mkimbie. Ukiweka pistoni nzito, konrodi (mkono unaoshika pistoni) na kranki (shafti inayozungushwa na konrodi) ndizo zitakazoumia.

Dukani nenda na pistoni ya zamani. Angalia mfereji wa ringi ya juu: nyingi za malori zina pete ya chuma iliyozamishwa humo, ina rangi tofauti na aluminiamu. Ya zamani inayo na mpya haina? Rudisha, hata kama boksi linang'aa. Slivu ya chuma cha kusubu inatosha; kama imepigwa kromu, ringi ya juu isiwe ya kromu, zitalana.

Kabla ya kufunga, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ipelekwe kwa mchongaji wa vyuma ikapimwe kupinda na nyufa. Kagua pia radieta, themostati na pampu ya maji. Kranki ikiwa na madoa ya bluu, imeungua. Usinunue beringi za kranki kabla mchongaji hajaipima kranki yenyewe.