Lupanga saa nne asubuhi? Usithubutu

Mkuu, usipande Lupanga, kile kilele cha milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, saa nne. Umeandika kwamba Jumamosi mnaanza saa hiyo, masika haya, na huna wasiwasi kwa kuwa simu inaonyesha jua Morogoro mjini kutwa nzima. Mimi nilianza saa nne hiyohiyo, na jua hilohilo.

Mji uko kwenye mita 500 hivi, kilele mita 2,138. Utabiri ulioutazama ni wa kule chini. Jua likipiga mteremko tangu asubuhi, hewa iliyougusa mlima hupata joto kuliko hewa ya kimo kilekile iliyo mbali nao, basi inakwea. Inakwea na unyevu wa Bahari ya Hindi, inapoa, inakuwa wingu. Na mvuke ukigeuka matone hutoa joto, joto hilo linalisukuma wingu juu zaidi. Ile pamba nyeupe ya asubuhi, saa nane imeshakuwa mnara wa radi. Tena unyevu mwingi wa Uluguru huja na upepo wa mashariki, nyuma ya mgongo wa mlima. Wewe uko msituni upande wa mji, huoni kitu.

Sisi tulisikia ngurumo saa saba na nusu. Kiongozi tuliyemlipa akasema radi hupiga bondeni, juu ni salama, tumalizie. Uongo mtupu! Mpaka leo nikikumbuka nafsi inaniwaka. Mvua ikashuka, tukakimbilia mti mkubwa pale pale mgongoni. Hapo ndipo tulipoangamia. Radi iliupiga ule mti, ikamrukia binamu yangu aliyesimama karibu na shina. Akazimia. Tukamshusha kwa kumbeba, njia utelezi, giza likatukuta msituni. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini sikio la kushoto halisikii tena, na ana miaka 24 tu.

Anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tano na nusu, popote mlipo, geukeni, hata kama kilele mnakiona. Mkisikia ngurumo kabla ya hapo, tokeni mgongoni hapohapo, na mti mrefu kuliko wenzake msiusogelee hata mkilowa chapachapa.

Mpigie kiongozi wako leo, umwambie saa. Akikujibu kwamba radi hupiga bondeni, tafuta mwingine.