Maswali ya Wasomaji: Kulala Katika Jumba la Kale la Mji Mkongwe

SWALI: Mhariri, mwezi wa kumi mimi na mume wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wetu wamechanga fedha ili tukalale siku nne katika hoteli ya kifahari iliyomo ndani ya jumba la kale kule Mji Mkongwe, Zanzibar. Bei niliyotajiwa imenitia kizunguzungu. Tunalipia nini hasa, na tufanyeje tusije tukajuta? – Mama wa Ipagala, Dodoma

JIBU: Hongera, mama, na hongera zaidi kwa kuzaa watoto wanaochanga. Sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye nyumba yenyewe. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haivuki kirahisi zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya asili ni vyembamba na virefu, na mwenye hoteli hana ruhusa ya kubomoa ukuta ili avipanue, kwa maana mji huo unalindwa kisheria na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata kuziba ufa kuna masharti yake: saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuumomonyoa, hivyo fundi hurudi kwenye chokaa, ambayo ni kazi ya polepole na ya gharama. Anayetaka kujua jengo la namna hiyo hufikia wapi likikosa matunzo na alitazame jumba la Beit al-Ajaib la mjini humo, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati likikarabatiwa.

Tabu ni kwamba katika hoteli ya aina hii ni nadra kukuta vyumba viwili vinavyolingana. Kimoja kitakuwa na kitanda cha kale cha semadari, cha nakshi na chenye vioo vya rangi ubavuni, kilichoinuka hata mgeni akawekewa kigoda cha kupandia, pamoja na roshani inayopokea upepo wa bahari. Cha jirani, kwa bei inayokaribiana, dirisha lake linatazama mlango wa jikoni. Tena zipo hoteli zenye upande wa kale na upande mpya. Park Hyatt, kwa mfano, ina sehemu iliyomo ndani ya Mambo Msiige, jumba la kale la mtaa wa Shangani, na sehemu nyingine iliyo katika jengo la kisasa lililoongezwa kando yake. Mtu anaweza kulipa fedha nyingi kwa ajili ya historia akaishia kulala mahali ambapo angeweza kudhani yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya kutuma malipo ya awali, pigeni simu muulize chumba chenu kiko upande gani, ghorofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi, kisha muombe picha ya chumba hichohicho, si ile ya kwenye matangazo.

Ulizeni pia bei ya wakazi, bila kuona haya. Hoteli nyingi za Zanzibar huwa nayo kwa Watanzania, lakini asiyeiuliza mara nyingi hutajiwa bei ya mgeni wa nje, kwa dola. Hakikisheni kama bei hiyo imejumuisha kifungua kinywa, kodi, na ile tozo ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa maoni yangu, siku nne ni nyingi mno kwa fedha za watoto: laleni usiku mbili katika chumba kizuri kabisa cha hoteli hiyo, na zilizobaki mhamie nyumba ya wageni ya kawaida mitaa miwili mbele. Tarehe ya ndoa haihamishiki, lakini sherehe inahamishika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, bei hushuka sana, ingawa mvua ni kubwa na baadhi ya hoteli hufunga.

SWALI: Nataka kumpeleka bibi yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Je, ataziweza hoteli hizo? – Mjukuu, Mpwapwa

JIBU: Ataziweza ukichagua kwa makini. Ngazi za majumba ya kale ni za mwinuko mkali, nyingi hazina lifti, na mgahawa unaosifiwa mara nyingi uko juu ya paa, kama ilivyo Emerson on Hurumzi. Usikubali haraka chumba cha chini pia, kwa sababu zamani ghorofa ya chini ilikuwa duka au ghala, na baadhi ya vyumba vyake vina giza na unyevu. Chagua hoteli ya Shangani iliyo kando ya barabara ya pwani, kama Serena, ambako gari linafika mlangoni. Kwenye vichochoro vya ndani gari halipiti, na mizigo hubebwa na wachukuzi. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, na kutoka Dar es Salaam boti ya kasi huchukua takriban saa mbili. Epuka Juni hadi Agosti kama bibi anachefukwa, kwa kuwa upepo wa kusi huchafua bahari. Mbebee kitambulisho chake cha taifa.

SWALI: Sisi ni familia ya Kiislamu na tusingependa kulala penye baa. Je, tutapata hoteli ya hadhi? – Baba wa watoto watatu, Kondoa

JIBU: Mtapata. Tembo House, iliyo ufukweni Shangani ndani ya jumba la kale, inajulikana kwa kutouza pombe, na ina bwawa la kuogelea ambalo watoto watalifurahia kuliko nakshi za milango. Mkienda Ramadhani, ulizeni mapema kuhusu daku, kwani ratiba ya jikoni hubadilika.