Tokeni ipo, mbona bado wanaona michango ya wenzao?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko Morogoro, nimeandika mfumo wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, seva ni Node na Express, app ya Android inavuta data kwa API, yani mlango wa seva ambao programu nyingine inaombea data. Mwanzo endpointi, yani link za huo mlango, zilikuwa wazi kabisa, nikashauriwa niweke JWT, yani tokeni yenye saini ya seva, nikaweka, ukilogin unapewa tokeni na bila tokeni seva inagoma. Sasa juzi kijana wa mwanachama mmoja katumia tokeni ya mama yake, akabadilisha tu namba kwenye link, badala ya /michango/14 kaweka /michango/15, kaona michango, mikopo na faini za mama mwingine. Tokeni si ipo? Nikague wapi? Tena nimeipa uhai wa mwaka mzima ili wamama wasisumbuke kulogin kila mara.

JIBU: Pole mdogo wangu, ila tokeni yako imefanya kazi yake vizuri tu. Kazi yake ni kuiambia seva huyu anayeomba ni nani, basi. Swali la pili, kwamba anachoomba ni cha kwake au la, hilo halijaulizwa popote kwenye programu yako, seva imeona tokeni halali ikamwaga rekodi. Na hauko peke yako, OWASP, wale wa usalama wa programu za mtandao, walivyotoa orodha ya hatari kumi kubwa za API mwaka 2019 hili ndo lilikuwa namba moja, walivyoipitia upya 2023 likabaki palepale.

Sa fanya hivi. Mwanachama wa kawaida hahitaji namba kwenye link kabisa, mtengenezee /michango/yangu, halafu namba yake seva iitoe kwenye sehemu ya sub, inayomtaja mwenye tokeni, ndani ya tokeni baada ya kuihakiki, usiipokee kutoka kwenye link wala kwenye kitu kingine chochote ambacho simu inaweza kukibadilisha. Mweka hazina yeye lazima aone za wote kwa hiyo mwachie /michango/15, ila kabla ya kujibu angalia kwenye databesi kama kweli bado ni mweka hazina, na kama mwanachama namba 15 ni wa kikoba chake, maana kesho utaongeza kikoba cha pili na hapo ndo balaa litaanza. Asiye na tokeni halali mpe 401, mwenye tokeni ila haruhusiwi mpe 403. Na tafadhali usiishie kwenye GET, wengi wanalinda kusoma wanasahau kufuta na kuhariri, mtu anajifutia faini mchana kweupe.

Kuhusu mwaka mzima hapo nakukatalia kabisa. Tokeni ya aina hii yeyote aliyeishika ndo mwenyewe, seva haijui kama simu imeibiwa kwenye daladala, inaangalia saini na tarehe ya kuisha tu. Toa mbili: moja fupi ya dakika 15 hivi ya kuombea data, na nyingine ndefu ya kuombea mpya, hiyo ndefu itunze kwenye databesi ikiwa imehashiwa, yani imegeuzwa isiweze kurudishwa ilivyokuwa. Ile fupi ikiisha seva inajibu 401, app inaomba nyingine kimyakimya, mama hata hajui kama kuna kitu kimetokea. Simu ikipotea unafuta rekodi ya ile ndefu na ndani ya robo saa mwizi yuko nje. Hata Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, tokeni yake inakaa sekunde 3599 tu, na wale wanashika hela za watu.

Kingine, hebu ichukue tokeni yako moja ya majaribio uiangalie. Ina vipande vitatu vimetenganishwa na nukta, inaanza na eyJ, na hizo herufi ni {" iliyogeuzwa kwa base64, namna tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida, haijafichwa chochote, yeyote anaweza kuigeuza akasoma kipande cha kati. Kwa hiyo namba ya NIDA, namba ya simu, salio, vyote visikae humo. Saini inazuia kubadilisha, haizuii kusoma. Na kwenye Express hakikisha umetumia verify na sio decode, decode inasoma tu bila kukagua saini, halafu taja wazi kwamba unakubali njia ya saini ya HS256 peke yake, maana 2015 iligundulika maktaba kadhaa zilikuwa zinakubali tokeni iliyojiandika alg yake, yani njia yake ya saini, ni none, yani haina saini kabisa na inapita! Ufunguo wa siri uwe baiti 32 za bahati nasibu, andika openssl rand -base64 32 uuweke kwenye mazingira ya seva, usiingie GitHub wala ndani ya APK, lile faili la app ya Android, APK inafunguliwa na mtu yeyote mwenye laptop.

SWALI: Mimi niko Mombasa, kwangu tokeni naituma mwisho wa link, ?token= hivi, si ni sawa mradi kuna HTTPS?

JIBU: Si sawa dada. HTTPS inalinda njiani, lakini link nzima inaandikwa kwenye logi za seva na kwenye historia ya browser, na mtu akikopi link amtumie mwenzake WhatsApp kampa na akaunti. Iweke kwenye heda, sehemu ya ombi iliyo nje ya link, Authorization: Bearer ikifuatiwa na tokeni, HTTPS ibaki, na zile zilizokwisha kuingia kwenye logi zifute leo uwatolee watu mpya.